Kwenda kusoma na kurudi kazini: ufadhili wa masomo unamfaidi nani?



Kila mwaka, mwezi wa pili unapoingia, ofisi yetu hupokea wageni wenye karatasi mkononi. Anakuja mwalimu, anakuja muuguzi, anakuja mwanasheria, anakuja kijana wa redio ya jamii. Wote wana swali moja: "Nimesikia kuna bourse. Nifanye nini niipate?" Wengine wametembea siku nzima kufika kwetu.

Makala hii inajaribu kuwajibu. Lakini kwanza tuna swali la pili, ambalo huulizwa mara chache: mtu akishapata ufadhili, akaenda, akasoma, ni nani aliyefaidika? Ni yeye peke yake, au ni pamoja na shirika lake na kijiji chake? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha namna ya kuomba, na pia namna ya kumchagua mtu wa kuomba.

Nchi iliyoanza bila madaktari

Tarehe 30 Juni 1960, nchi yetu ilipopata uhuru, Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakuzidi 30. Chuo Kikuu cha Lovanium huko Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu, na kile cha Élisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1956. Katika jeshi hapakuwa na afisa Mkongomani hata mmoja. Siku chache baada ya uhuru askari waliasi, na moja ya sababu zao ilikuwa hiyohiyo: wazungu waliendelea kushika vyeo vyote vya juu. Wazee wetu walilipa bei kubwa kwa sababu viongozi hawakuandaliwa mapema.

Hapakuwa pia na daktari Mkongomani mwenye shahada kamili ya udaktari. Madaktari wa Kibelgiji walipoondoka kwa wingi, hospitali nyingi zilibaki mikononi mwa wauguzi na mwa wale walioitwa "assistants médicaux". Hawa walikuwa watu waliosomea utabibu kwa miaka mingi na kutibu wagonjwa kila siku, ila utawala wa kikoloni haukuwahesabu kuwa madaktari. Shirika la Afya Duniani likawapa makumi yao ufadhili wa kwenda Ufaransa kukamilisha masomo. Hawakuanzia mwanzo kama mwanafunzi aliyetoka sekondari, kwa hiyo hawakukaa muda mrefu. Miaka michache baadaye walirudi wakiwa madaktari kamili, wakashika kazi katika hospitali zilizokuwa zikiwasubiri.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu ni mmoja kati ya mifano mizuri ya ufadhili wa masomo katika historia yetu, na watu wengi hawaijui. Angalieni kilichoufanya ufaulu. Waliochaguliwa walikuwa tayari kazini, na walijua ni maarifa gani yaliyowakosekana, maana walikuwa wameyakosa mbele ya mgonjwa. Tena walikuwa na mahali pa kurudi.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Daktari Denis Mukwege, ambaye kila mtu wa Kivu anamfahamu. Alisomea udaktari Bujumbura, akaja kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini. Hapo aliwaona akina mama wakifa au wakiumia vibaya kwa kukosa msaada wakati wa kujifungua. Ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Mwaka 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alipokwenda Ulaya alikuwa na swali alilolitoa katika chumba cha uzazi cha Lemera, akalitafutia jibu.

Na nje ya nchi yetu yuko Leymah Gbowee wa Liberia. Mwaka 2003 aliongoza wanawake Wakristo na Waislamu waliokaa barabarani wakiwa wamevaa nguo nyeupe, wakidai vita vikome. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi mwaka huohuo. Baada ya hapo ndipo alipokwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Eastern Mennonite, akamaliza shahada ya pili ya mambo ya kutatua migogoro mwaka 2007. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kwake yeye uongozi ulitangulia darasa.

Hatusemi kwamba kijana ambaye hajaanza kazi asipewe nafasi. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alipeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, na safari hizo zikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1960 alikuwamo msichana aliyeitwa Wangari, aliyetoka sekondari tu. Ndiye Wangari Maathai, mwanzilishi wa harakati ya kupanda miti ya Green Belt na mshindi wa Nobel wa mwaka 2004. Lakini mpango ule ulikuwa wa vijana wa sekondari. Makala hii inawahusu wale ambao tayari wana kazi, na kwao kanuni ni nyingine.

Ufadhili si wa aina moja

Watu wengi wakisikia "bourse" wanafikiri moja kwa moja juu ya miaka miwili Ulaya. Hiyo ipo. Ubelgiji kwa miaka mingi umewafadhili Wakongomani wenye kazi kusomea shahada ya pili katika vyuo vyake vya Kifaransa, kupitia chombo kinachoitwa ARES. Kwa wale wanaosoma Kifaransa iko pia Université Senghor ya Alexandria, Misri, iliyoanzishwa mwaka 1990 na nchi zinazotumia Kifaransa. Hiyo ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Afrika wanaotaka kusomea maendeleo, afya, mazingira au uongozi wa mashirika. Tunashangaa kwamba watu wetu wengi hawajawahi kuisikia, wakati wanahangaika na Kiingereza usiku kucha.

Aina ya pili ni mafunzo mafupi ya uongozi. Inayojulikana zaidi kwa vijana ni ile ya Marekani yenye jina la Mandela, Mandela Washington Fellowship. Ilianza mwaka 2014 kwa kuwapokea vijana 500 wa Afrika, wengi wao wenye miaka 25 hadi 35, kwa wiki sita katika vyuo vya Marekani. Mafunzo kama hayo humpa mtu marafiki wa nchi nyingi na kumfungua macho. Hayampi shahada. Mtu asidanganyike kwamba wiki sita zitamgeuza kuwa mtaalamu.

Aina ya tatu, ambayo sisi tunaipenda zaidi kwa kazi ya amani, humchukua mtu bila kumng'oa kazini. Hii inahitaji maelezo marefu kidogo.

Makerere: kusoma huku kazi ikiendelea

Shirika la Rotary lilianza mwaka 2002 kuwafadhili watu wanaosomea amani katika vyuo vikuu vya nchi mbalimbali. Kwa miaka mingi hapakuwa na kituo hata kimoja barani Afrika. Aliyetaka kusomea migogoro ya Afrika alipelekwa Uingereza, Sweden, Japani, Australia au Marekani. Mwaka 2020 Rotary ilitangaza kituo katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, na kundi la kwanza lilianza mwaka 2021.

Mpango wa Makerere hutoa cheti cha juu, si shahada ya pili, na huchukua karibu mwaka mmoja. Mshiriki huanza kwa masomo ya mtandaoni akiwa kwake. Kisha huenda Kampala kwa takribani wiki kumi, pamoja na wenzake wapatao 20 wa nchi nyingine, wasome darasani na kutembelea mahali ambapo watu wamepitia migogoro. Halafu hurudi nyumbani. Kwa miezi tisa hivi anatekeleza mradi alioupanga mwenyewe katika mahali pake pa kazi, akiongozwa kwa mtandao, na mwishoni kundi hukutana tena kutoa hesabu ya kilichofanyika. Masomo, malazi, chakula na safari hulipiwa.

Angalieni tofauti. Katika shahada ya miaka miwili, mradi wa nyumbani ni ahadi inayoandikwa katika barua ya kuomba, na baada ya hapo hakuna anayeifuatilia. Hapa mradi wenyewe ni sehemu ya masomo. Mshiriki asiye na shirika wala jamii ya kufanya kazi nayo atakwama mwezi wa nne.

Tofauti nyingine inawahusu akina mama. Mama mwenye watoto watatu anaweza kupanga na dada yake au mama mkwe kuhusu wiki kumi. Miaka miwili ni jambo lingine, hasa kwa kuwa ufadhili wa namna hii humlipia mshiriki peke yake na si familia yake. Tumewaona wanawake hodari wa mashirika yetu wakikataa hata kujaribu kwa sababu hiyo. Na baadaye mtu anauliza kwa nini orodha ya waliosoma imejaa wanaume!

Masharti nayo si mepesi. Mwombaji wa cheti anatakiwa awe na shahada ya kwanza, uzoefu wa kazi wa muda wote usiopungua miaka mitano, na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo. Wanachama wa Rotary hawaruhusiwi kuomba. Maombi kwa kawaida hufunguliwa Februari na kufungwa katikati ya Mei, na kuomba ni bure. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako na si la mwaka jana.

Vikwazo vinavyotuhusu sisi

Kiingereza ndicho kikwazo cha kwanza, na hakitatoweka kwa maombi. Anayetaka kuomba baada ya miaka miwili aanze leo. Nusu saa kila siku ya redio na kusoma, pamoja na rafiki mmoja wa kuzungumza naye, inaleta matunda kuliko mafunzo ya wiki tatu ya haraka kabla ya mtihani.

Kikwazo cha pili ni karatasi zetu za shule. Kwa mfumo wetu wa zamani mtu alisoma "graduat" miaka mitatu, kisha "licence" miaka miwili. Vyuo vingine vya nje huiona graduat kuwa masomo ambayo hayajakamilika, hata kama miaka ni mitatu kama shahada ya kwanza ya nchi jirani. Ukiwa na graduat tu, andikia chuo uulize kabla ya kujaza fomu. Ukiwa na licence, eleza wazi katika fomu kwamba ni jumla ya miaka mitano. Usitegemee kwamba mtu wa Kampala au Brussels anajua mfumo wa Kongo.

Pasipoti nayo ni mzigo. Kuanzia mwaka 2015 iliuzwa dola 185, na mwaka 2020 ikashushwa hadi dola 99. Kwa mwalimu wa kijijini hata hiyo bei ndogo ni fedha nyingi. Shirika linalotaka kweli mtu wake aende lifikirie kumkopesha fedha hiyo mapema, kwa sababu wengi hupata nafasi na kuipoteza wakiwa wanasubiri kitabu.

Tena kuna vita. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma, na baada ya wiki chache Bukavu, iliingia mikononi mwa M23. Benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Watu walikimbia wakiacha diploma zao kabatini. Tangu wakati ule tunawashauri wote: piga picha safi ya diploma, karatasi za alama, kitambulisho na barua za kazi, uzitume katika barua pepe yako mwenyewe. Nakala nyingine mpe ndugu anayekaa mji mwingine. Simu ikiibwa au nyumba ikiungua, karatasi hazitapotea zote.

Barua ya kuomba

Barua nyingi tunazoletewa ili tuzisome huanza hivi: "Mimi ni kijana mwenye ndoto ya kuwa kiongozi bora wa kesho na kuleta amani katika nchi yangu iliyoharibiwa na vita." Si uongo. Lakini msomaji wa maombi ana mamia ya barua mezani, na nyingi zina sentensi hiyohiyo. Hawezi kukutofautisha na mwingine.

Tuchukue mfano wa mtu anayefanya usuluhishi katika bonde la Rusizi, ambako wafugaji na wakulima hugombana wakati wa kiangazi ng'ombe wanapoingia mashambani. Mtu huyo akiandika kwamba baraza lake lilikaa mara sita kwa ajili ya shamba moja la mihogo, kwamba pande zote mbili zilikubali malipo, na kwamba mwaka uliofuata ugomvi ulirudi palepale kwa sababu hakuna aliyepanga njia ya ng'ombe kupita, basi msomaji ameanza kumwona mtu. Akiongeza kwamba anataka kujifunza namna jamii nyingine zinavyopanga njia za mifugo, na namna ya kuandika makubaliano ambayo mwami na mtawala wa serikali watayaheshimu wote wawili, hapo amemaliza kazi. Ameonyesha alichofanya, mahali aliposhindwa, na swali lake.

Usione haya kuandika ulikoshindwa. Kwetu tumefundishwa kwamba mbele ya mkubwa mtu hutaja mafanikio tu. Katika maombi haya, mtu asiyeshindwa kamwe huonekana kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Barua za mapendekezo nazo zitoke kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi. Barua ya askofu au ya mheshimiwa mbunge ambaye hajui hata unaamka saa ngapi haisaidii kuliko ya msimamizi wako wa kila siku.

Na jihadhari na wezi. Mama mmoja alitujia akiwa ameuza mbuzi watatu ili kumlipa mtu aliyemwahidi "nafasi ya Kanada". Mtu yule alikuwa na karatasi yenye mhuri na picha ya bendera. Mhuri haukuwa wa kitu chochote. Mfadhili anayeaminika hakudai fedha za "kufungua faili" wala hatumi mtu kukusanya dola mtaani. Akidaiwa mtu fedha kwa simu, aje atuonyeshe ujumbe kabla ya kulipa.

Shirika lina kazi yake

Hapa tunasema na viongozi wenzetu, na tunajihesabu pamoja nao. Tangazo likifika, linakwenda wapi? Katika mashirika mengi linakaa ndani ya simu ya mkurugenzi. Kisha tunasikia kwamba aliyekwenda ni mpwa wake, au yeye mwenyewe kwa mara ya tatu. Jambo hili huharibu amani ndani ya shirika la amani. Ikiwa wafanyakazi ni wa makabila mbalimbali, kila mmoja atahesabu ni kabila gani limesafiri mara ngapi, hata kama hasemi. Bandikeni tangazo ukutani. Andikeni vigezo vya kuchagua kabla hamjaona majina. Wekeni mwanamke mmoja au wawili katika kamati, na mtu mmoja kutoka nje ya ofisi.

Mfuko wa Ford wa Marekani uliwahi kuonyesha kwamba uchaguzi unaweza kufanywa namna nyingine. Kati ya mwaka 2001 na 2013 ulifadhili watu zaidi ya 4,000 wa nchi 22, kati yake Kenya, Uganda na Tanzania, kwa masomo baada ya shahada ya kwanza. Haukuweka kikomo cha umri. Ulitafuta watu waliotoka katika jamii zilizoachwa nyuma na ambao tayari walikuwa wakizitumikia, ukawapa muda wa kujifunza lugha kwanza, na kuwaruhusu kusomea hata ndani ya nchi zao au nchi jirani. Kongo haikuwamo katika orodha, na ule mpango umekwisha. Lakini hakuna kinachozuia shirika dogo la Uvira au Butembo kutumia vigezo kama hivyo linapomchagua mtu wake.

Jambo la fedha nalo tuliseme. Mipango hii hutegemea mifuko ya watu wengine, nayo hufungwa bila kutuuliza. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, na kazi nyingi za mafunzo barani Afrika zikasimama kwa ghafula. Kwa hiyo tusipange maisha ya shirika juu ya tangazo moja. ISDR ya Bukavu, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben huko Butembo, ULPGL ya Goma, vyote vimefundisha watu wetu kwa miaka mingi, na ada yake mara nyingine ni chini ya bei ya tiketi ya ndege.

Linabaki suala la kurudi. Wengi wanaogopa kwamba aliyekwenda atabaki Ulaya. Sisi tumeona hasara nyingine mara nyingi zaidi: mtu anarudi kweli, lakini baada ya miezi mitatu anachukuliwa na shirika kubwa la kimataifa katika mji uleule, kwa mshahara mara tano. Hatumlaumu, ana watoto wa kulipia shule. Ila mara nyingi tulimsukuma sisi wenyewe. Alirudi akakuta meza yake imepewa mwingine, alichojifunza hakuna aliyemwuliza, na kila alipopendekeza jambo aliambiwa kwamba amekuja kuwafundisha wazee.

Kwa hiyo, kabla mtu hajaondoka, kaeni naye mwandike karatasi moja. Atarudi katika kazi gani, na tarehe ipi? Nani atashika nafasi yake, na ataiachia lini? Wakati yuko huko atawaandikia mara ngapi? Akirudi, atawafundisha wenzake siku zipi, na ni sehemu gani ya kazi ambayo mko tayari kuibadilisha kutokana na atakayoyaleta? Swali hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linaloachwa wazi katika karatasi nyingi ambazo tumeonyeshwa.

Wanaotaka kusaidiwa kusoma fomu waje ofisini siku za Jumatano mchana. Leteni karatasi za kazi pamoja na diploma, na mje mkiwa mmekwisha kuandika, hata kwa Kiswahili, ukurasa mmoja juu ya jambo lililowashinda kazini mwaka huu.